Amesahau, au Hakusikia?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, lishe ya watoto, vidonda vya tumbo na mengine yanayotusumbua kila siku majumbani. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie jambo linalozigusa familia chache tu. Ni chache, lakini tunasali nazo kanisa moja, na watoto wao hukaa dawati moja na watoto wetu. Tunataka kusema juu ya mtoto kiziwi aliyepandikizwa kifaa cha usikivu, na hasa juu ya neno ambalo sisi watu wazima hulitamka haraka mno juu yake: “Huyu hana kumbukumbu.”

Miezi michache iliyopita baba mmoja wa Makambako alitujia Njombe akiwa na binti yake wa miaka 7. Mtoto huyo alizaliwa hasikii. Alipofikisha miaka mitatu na nusu alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, na sasa yupo darasa la kwanza. Baba alitoa daftari la shule lililokunjwa mfukoni. Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: “Hasikilizi maagizo. Hana kumbukumbu.”

“Kamwene, mzee. Kaa kwanza,” tulimwambia.

Hakukaa. “Nimeuza shamba langu la miti,” alisema. “Safari za Dar es Salaam hata sizihesabu tena. Leo naambiwa kichwa chake hakishiki kitu. Niambieni ninyi watu wa afya, kama ndivyo, si bora nimvue hiki kidude tuache kuhangaika?”

Hilo ndilo swali tunalotaka kulijibu leo, na inatubidi tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

KOSA LETU

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni muuguzi mmoja na mwalimu mstaafu mmoja. Tulifanya kile tulichokuwa tumekisoma vitabuni. Kipimo cha kumbukumbu ya kusikia kinachojulikana zaidi ni kile cha tarakimu. Mpimaji hutaja tarakimu moja kila sekunde, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na mtoto huzirudia kwa mpangilio uleule. Huanza na mbili, kisha tatu, kisha nne. Kwa kila urefu mtoto hupewa nafasi mbili. Akikosea zote mbili, kipimo huishia hapo. Kwa majedwali ya Uingereza na Marekani, mtoto anayesikia wa miaka 7 hurudia tarakimu kama 5 hivi. Mtu mzima hufika kama 7.

Binti yetu alirudia mbili. Kwenye tatu alikosea mara zote mbili. Tukatazamana. Tulikuwa tayari kumwambia baba yule kwamba mwalimu amesema kweli.

Ni wakati wa kunakili majibu kwenye karatasi safi ndipo mwenzetu mwalimu alipoona kitu. Tulikuwa tumemtajia “nne, sita, moja”. Yeye alijibu “nane, tisa, moja”. Mara ya pili tulimtajia “tatu, nane, tisa”, naye akajibu “tano, nne, sita”. Hebu msomaji soma tena majibu hayo taratibu. Mtoto hakusahau kitu! Alipewa tarakimu tatu, akarudisha tatu, kila moja mahali pake. Ila hakusikia kile tulichotamka.

Tazameni jinsi tarakimu zetu zilivyo. “Sita” na “tisa” zina sauti zilezile nne. Kinachotofautiana ni “s” na “t” zilizobadilishana nafasi. “Nne” na “nane” zimekaribiana mno. “Tatu” na “tano” huanza sawasawa na kuachana mwishoni tu. Kwa sikio zima hakuna shida. Kwa sikio linalosikia kwa msaada wa mashine, hizo ni jozi za kumtega mtoto. Tulidhani tunapima kumbukumbu, kumbe tunapima masikio, na matokeo ya masikio tukataka kuyaandika kwenye hesabu ya akili.

KIFAA CHENYEWE

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono, kiitwacho koklea. Mna maelfu ya chembe zenye vinyweleo. Sauti ikiingia huvitikisa, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa ujumbe unaopita kwenye neva hadi kwenye ubongo. Kwa viziwi wengi ni chembe hizo ambazo hazipo au zimekufa, pengine kwa kuzaliwa hivyo, pengine kwa homa ya uti wa mgongo, surua, au dawa kama jentamaisini zikitumiwa pasipo uangalifu. Shimesikio la kawaida hukuza sauti tu. Kama chembe hazipo, kukuza sauti ni sawa na kugonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Kifaa cha kupandikizwa hupita njia nyingine. Nje, nyuma ya sikio, kuna maikrofoni na kompyuta ndogo, pamoja na kisahani chenye sumaku kinachonata kichwani. Ndani, chini ya ngozi, daktari huweka kipokeo chenye uzi mwembamba unaoingizwa kwenye koklea. Uzi huo una elektrodi, kati ya 12 na 22 kutegemea kiwanda, na hizo huigusa neva kwa umeme mdogo badala ya zile chembe zilizokosekana. Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza kifaa cha namna hiyo mwaka 1978, na mwaka 1990 Marekani iliruhusu kifaa hicho kitumike kwa watoto. Kwa miaka mingi watoto wa Tanzania walilazimika kupelekwa nje, hasa India. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upasuaji huo hapa nchini, jambo ambalo wengi wetu tulilipokea kwa shukrani kubwa.

Lakini elektrodi 22 haziwezi kuwa sawa na maelfu ya chembe. Mwazieni mpiga kinanda wa parokia aambiwe apige wimbo mzima kwa vibonye vichache tu, tena kwa ngumi badala ya vidole. Waimbaji wa siku nyingi watautambua wimbo. Mgeni atahangaika. Mtoto huyu ni mgeni, naye husikiliza hivyo kutwa nzima, shuleni na nyumbani. Nguvu nyingi ya ubongo wake huishia kwenye kuuliza “hii ni sauti gani?”, na inayobaki kwa ajili ya kushika yaliyosemwa ni kidogo. Ndiyo maana jioni mtoto wa namna hii huwa amechoka kama aliyetoka kupalilia.

JE, KUMBUKUMBU YENYEWE NI NZIMA?

Hapa hatutaki kuwapa wazazi sukari badala ya dawa. Si kweli kwamba yote ni makosa ya masikio. Huko Marekani, David Pisoni na Miranda Cleary wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwapima watoto 176 wa miaka 8 na 9 wenye kifaa hiki, wakawalinganisha na watoto 45 wanaosikia. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2003. Watoto wenye kifaa, kwa wastani, walishika tarakimu chache kuliko wenzao. Na kabla ya hapo, mwaka 2001, walikuwa wameeleza pamoja na Ann Geers jaribio lililotushangaza zaidi. Walitumia vibonye vya rangi vinavyowaka taa kwa zamu, na mtoto alitakiwa kuvibonyeza kwa mpangilio aliouona. Hapo hakuna cha kusikia. Hata hivyo watoto wenye kifaa walibaki nyuma, ingawa hawakuwa na tatizo lolote la macho.

Kwa nini? Maelezo yao ni kwamba tunapotaka kushika kitu kwa muda mfupi, sisi sote hujisemea kimyakimya kichwani. Mama akitumwa dukani na jirani hujisemea njia nzima: sukari nusu, kiberiti, sabuni, sukari nusu, kiberiti, sabuni. Ni sauti ya ndani inayozungusha maneno ili yasipotee. Watafiti hao waliona kwamba watoto wanaotamka sentensi polepole ndio pia wanaoshika tarakimu chache, maana neno la kwanza huwa limekwisha kupotea kabla zamu yake haijarudi. Sauti hiyo ya ndani hujengwa na miaka ya kusikia na kusema. Aliyeanza kusikia akiwa na miaka mitatu na nusu ameanza kuijenga akiwa amechelewa. Amechelewa, lakini hajanyimwa. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka baba wa Makambako na mwalimu wa kalamu nyekundu waishike.

Tena kuna jambo la lugha. Mwaka 1980 watafiti wawili, Ellis na Hennelly, walieleza kwa nini watoto wa Wales walionekana wana kumbukumbu fupi walipopimwa kwa tarakimu za Kiwelisi na kulinganishwa na majedwali ya Kiingereza. Tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, basi! Tuje kwetu. Kuanzia moja hadi tisa, kila tarakimu ya Kiswahili ina silabi mbili. Hata “nne” ukiisikiliza vizuri ni mbili. Kwa Kiingereza, katika hizo tisa, ni 7 peke yake yenye silabi mbili. Nyingine zote zina moja moja. Tarakimu tisa zetu ni silabi 18, za Waingereza ni 10. Sasa mtoto wa Njombe apimwe kwa “moja, mbili, tatu”, kisha alama zake zisomwe kwenye jedwali la watoto wa London. Huo ni mzani wa mchuuzi mwizi. Hata mtoto anayesikia vizuri atapunjwa, seuze huyu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mtoto mwenye kifaa asipewe jina la mtu asiye na kumbukumbu mpaka yawe yamejibiwa maswali mawili. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi saa hiyo? Na kila neno alilopimwa nalo, likitamkwa peke yake, analisikia na kulijua? Kama moja ya majibu ni “hapana” au “hatujui”, hicho hakikuwa kipimo cha kumbukumbu.

TULIVYOMPIMA TENA

Baba alikubali walale Njombe kwa ndugu yake, nasi tukaanza upya asubuhi. Ilikuwa Juni, na wenyeji mnajua ukungu wa Juni hapa kwetu. Kabla ya yote tulitumia sauti sita alizozichagua mtaalamu Daniel Ling, ambazo wazazi wengi wenye watoto wa kifaa hufundishwa: m, u, i, a, sh, s. Bahati nzuri zote zimo katika Kiswahili. Unakaa kando au nyuma ya mtoto, hatua mbili hivi, umefunika mdomo kwa karatasi asiweze kusoma midomo, unatamka moja moja bila utaratibu maalumu na kuacha vituo visivyolingana, naye anarudia au anaweka punje ya hindi kwenye kopo kila anaposikia. Sauti hizo zimepangika kuanzia nzito hadi nyembamba, hivyo zinaonyesha ni wapi usikivu umekatika.

Binti alirudia m, u, i na a. Kwenye sh alisita. Kwenye s alitutazama tu.

Tuliuliza betri zilibadilishwa lini. Baba hakumbuki. Kifaa usiku huwekwa wapi? Juu ya kabati, hivihivi. Tulibadilisha betri, tukakifuta na kukiweka saa kadhaa kwenye kopo lenye vile vifuko vya kukaushia unyevu, kisha tukamvika. Ndipo s ikaitikiwa, ingawa kwa mbali. Yaani siku ya kwanza tulimpima mtoto ambaye nusu ya sauti nyembamba zilikuwa hazimfikii kabisa. Na nani ajuaye mwalimu wake alikuwa anamfundisha hivyo kwa wiki ngapi!

Baada ya hapo tuliziacha tarakimu. Tulichora picha za vitu anavyovijua, majina yake yasiyofanana hata kidogo: ng’ombe, kitabu, ndizi, samaki, mwavuli, jogoo. Tulitaja jina moja moja, mdomo umefunikwa, mpaka tukahakikisha anaonyesha kila picha bila kukosea. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Kisha tukataja mawili, matatu, manne, naye akagusa picha kwa mpangilio. Matatu alipata kila mara. Manne alipata mara moja kati ya mbili.

Halafu tukapanga mawe sita mezani. Mwenzetu aligonga baadhi ya mawe kwa kidole, mtoto akagonga yaleyale kwa kufuata. Hakuna sauti hapo. Alifika manne, mara zote mbili. Mwisho tulimpa maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama “tabimo” na “dikasemo”, ili asiweze kusaidiwa na mazoea. La silabi tatu aliliweza, la nne lilimshinda. Hapo tuliuona udhaifu wa kweli: kushika mfululizo wa sauti mpya. Ndiyo kazi anayoifanya mtoto kila anapojifunza neno jipya darasani.

Tukamwambia baba: mtoto wako ana kumbukumbu. Njia ya kupitia masikioni ni nyembamba na inahitaji kupanuliwa kwa mazoezi, na kifaa chake kinahitaji kutunzwa. Ukikivua leo, utakuwa umeziba hata hiyo nyembamba.

Mzee akakaa.

“MBONA BABA YETU ANAIJUA YOTE?”

Swali hilo aliliuliza mama yake kwa simu jioni ile, na tunajua wengi mngeliuliza. “Sala anaijua mwanzo mpaka mwisho, wimbo wa shule anaujua, lakini nikimtuma chumvi na mafuta analeta chumvi. Huo si ujeuri?”

La hasha, mama. Ni kumbukumbu mbili tofauti. Sala ameisikia mara mamia, polepole, kwa maneno yaleyale, ikazama na kukaa. Agizo la jikoni hulisikia mara moja tu, kwa haraka, huku sufuria inachemka na redio inaimba, na analo nukta chache tu za kulishika kabla halijafutika. Mtoto anaweza kuwa na ghala kubwa lenye mlango mdogo. Kumchapa kwa sababu ya mlango hakuongezi upana wake, na tunasikitika kusema kwamba huyu wetu alikuwa amekwisha kuchapwa kwa ajili hiyo, nyumbani na kwingineko.

Hili linawahusu pia makatekista wetu. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katika vigango vingi bado ni ya swali na jibu la kukariri. Tunawaomba wampe mtoto kama huyu majibu yaliyoandikwa, au wamwonyeshe kwa picha, wayarudie kwa siku nyingi, na wakati wa kumwuliza wasimame mbele yake mwangani badala ya kumwita kutoka mwisho wa kanisa. Makanisa yetu yana mwangwi, na mwangwi ni adui wa kifaa hiki.

Kwa walimu, hatusahau hali yao. Darasa lina watoto wengi, paa ni la bati, na mvua ya Njombe ikianza kunyesha hata mwalimu mwenyewe hajisikii. Lakini kuna mambo yasiyohitaji fedha. Mtoto akae mbele, upande ambao sikio lenye kifaa linamwelekea mwalimu. Agizo likatwe vipande. “Chukua daftari la hesabu, lipeleke kwa mwalimu wa zamu, kisha urudi na chaki” ni maagizo matatu. Toa la kwanza, litimizwe, ndipo utoe la pili. Mwombe arudie kwa mdomo wake ulichosema, usimwulize “umeelewa?”, maana kila mtoto hujibu ndiyo. Tena Kiswahili chetu kina mzigo wa viambishi. Katika “vitabu vyangu viwili vimepotea” vile “vi” vya mwanzoni hutamkwa bila mkazo, na ndivyo vinavyompita. Anaposema “kitabu changu mbili limepotea” asichekwe.

Nyumbani, mchezo mmoja unatosha. Sisi huuita Kwenda Makambako sokoni. Mama anasema: nimenunua viazi. Mtoto: nimenunua viazi na kabeji. Kaka: viazi, kabeji na njegere. Mnaendelea mpaka mmoja aangushe kitu. Chezeni dakika kumi, mara moja au mbili kwa siku, redio imezimwa. Watoto wanaosikia nao wacheze, maana mchezo huu hufaidi wote, na bibi akishindwa kila mtu hucheka. Chezeni kwa lugha mnayoiongea vizuri. Kama nyumbani ni Kibena, Kihehe au Kikinga, si dhambi. Mtoto anahitaji kusikia maneno mengi ya kweli kutoka kwa watu wanaompenda kuliko Kiswahili cha kubabaisha. Ila apimwe kwa lugha anayoisikia zaidi, na mpimaji aambiwe hivyo.

Wengine watatuuliza juu ya lugha ya alama. Tunajua wapo wataalamu wanaoogopa kwamba ishara zitamfanya mtoto aache kusikiliza. Sisi tunaona kwamba familia ijifunze angalau ishara za kila siku. Anapooga, anapolala, na siku betri imekwisha na duka lenye betri liko mbali, huyu ni kiziwi kama alivyozaliwa. Asiachwe gizani saa hizo.

Neno kwa wakubwa. Upasuaji ni saa chache. Kusikia ni kazi ya miaka. Kifaa kinahitaji kurekebishwa na mtaalamu mara kwa mara, hasa mwaka wa kwanza, na kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Nauli ya mzazi na mtoto, kulala, kula, siku za shamba zilizopotea: hapo ndipo wengi huchoka. Tunaomba wenye mamlaka ya afya wafikirie kuwaleta wataalamu wa usikivu na wa matamshi kwenye hospitali za Nyanda za Juu Kusini kwa ratiba inayojulikana, hata kama ni mara mbili tu kwa mwaka. Na vyuo vyetu vikuu vikae pamoja na hospitali zinazopandikiza vifaa, vitengeneze kipimo cha kumbukumbu ya kusikia chenye maneno ya Kiswahili yaliyochaguliwa kwa akili, kisha kipimwe kwanza kwa watoto wengi wa Kitanzania wanaosikia, wa mjini na wa vijijini, ili tupate jedwali letu wenyewe. Watoto hawa walipewa masikio kwa gharama kubwa. Haifai wahukumiwe kwa jedwali la kuazima.

Mwalimu wa Makambako tulimwandikia barua ya ukurasa mmoja, tukaambatanisha zile picha sita. Tulihofu angekasirika. Alijibu kwa kumtuma mtoto mwenyewe na daftari. Sasa mna karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye jalada la mbele, na kila asubuhi mwalimu huweka alama ya vema kwenye sauti sita kabla ya somo la kwanza. Wiki mbili zilizopita s ilikosa vema siku tatu mfululizo. Baba alipigiwa simu, akapeleka betri. Kwa maneno ya picha binti anafika manne bila shida, matano bado. Tarakimu hatumpimi. Mwezi ujao wanakwenda Dar es Salaam kurekebishiwa kifaa, na baba ameahidi kulipeleka daftari hilo ili mtaalamu aone siku zipi s ilipotea.